Udongo wa Mama Mkwe

Nilikuwa mwizi, na sina haja ya kulipamba neno. Niliiba udongo wa mama mkwe wangu, mchana kweupe.

Kwetu Shinyanga, miaka ile ya thelathini, mke mpya alipikia jikoni kwa mama mkwe mpaka shamba lake la kwanza litoe. Likitoa, anawekewa mafiga yake. Lisipotoa, anabaki palepale, mtu amesimama nyuma yake akimkosoa hata anavyochochea kuni. Jamani, nilichoka! Nilitaka jiko langu kuliko nilivyomtaka mume.

Nikapewa kipande kilichofyekwa porini mwaka uleule. Karanga zangu zikaota manjano, zimesinyaa kama wagonjwa wa homa. Za mama mkwe, ng'ambo ya njia, kijani mpaka zinakera! Siku moja nikimsaidia kupalilia, nikang'oa shina lake kwa bahati mbaya. Mizizi ilikuwa na vinundu vidogo kama punje za uwele. Nikadhani ni ugonjwa, nikafurahi moyoni, nikaanza kuvibandua.

"Acha we!" akanikemea. "Mzizi usio na vinundu hivyo una njaa."

Nikakimbia kuchungulia yangu: mizizi mitupu. Leo mjukuu wangu aliyesomea kilimo ananiambia ni vijidudu vya udongoni, vinaishi mizizini na kuulisha mmea. Mimi sikuvijua, ila nilijua vinakaa kwa nani. Kuomba? Thubutu! Aliyechota udongo wa shamba la mtu alihesabiwa kachota na mavuno yake, na huo ni uchawi.

Basi nikabeba mtungi kama naenda kisimani, nikaujaza udongo wake. Narudi, huyu hapa njiani! Na mkwe husalimiwa kwa magoti. Nikapiga magoti na mzigo wangu kichwani, shingo nusura ivunjike.

"Mwadela, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadela. Nipe maji ninywe."

"Yana tope, mama."

Hapo sikusema uongo sana. Akanitazama, akapita zake.

Nikang'oa zile za manjano, nikapanda upya, kila shimo na konzi ya udongo wa wizi. Mvua ikanihurumia. Karanga zikakoza kijani, na siku ya kuvuna vikapu havikutosha.

Mama mkwe mwenyewe akaja kuniwekea mafiga. Akapanga la tatu, akapangusa mikono, akaniambia taratibu, "Siku ile nilikuona tangu unainama shambani kwangu."

Nikamuuliza, "Sasa mama, mbona hukupiga yowe?"

"Nipige yowe, ubaki jikoni kwangu mwaka mwingine?" akasema. "Na ugali wako ule mbichi! Mwanangu, ungechelewa kidogo, ningekuchotea mwenyewe."