Maombi ya Vijembe Kwenye Laini ya Mikate

Siku yangu ya kwanza kwenye kiwanda cha mikate, huku Rexdale, ughaibuni, nilipewa kofia ya wavu, viatu vyenye ncha ya chuma, na Mama Neema wa kunifundisha laini, yaani ule mkanda unaopeleka mikate kwenye mashine ya kufungasha. "Dada, kwanza tunaomba," akasema. Tukashikana mikono, wamama wa Bukavu na Bujumbura, nikajiona nimefika nyumbani.

Kumbe maombi yenyewe yalikuwa na meno. Pale mtu hasemwi, anaombewa. "Ee Bwana," Mama Neema alianza, macho kayafumba, "mguse dada yetu anayechelewa kila asubuhi." Sote tukaitikia amina, isipokuwa Mama Grasi, mchelewaji mwenyewe. Zamu yake ikafika: "Bwana, wasamehe wenye midomo mirefu, hasa wale wenye magari." Mwenye gari alikuwa Mama Neema peke yake.

Mwisho wakawa hawasemezani. Kwenye laini, hiyo ni balaa, kwa sababu anayelisha mashine lazima amwite anayefunga. Siku moja mikate ikapandana, ikamwagika sakafuni. Msimamizi wa zamu, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, akatuita.

"Akina mama, mkiendelea hivi nawatawanya, kila mtu zamu yake. Vijembe vyenu nimevisikia vyote, hata kile cha upara wangu."

Nilitamani ardhi inimeze. Wale wamama ndio waliokuwa ndugu zangu katika mji huu. Bila wao ningebaki na nani?

"Kwetu, kwenye ibada ya alfajiri, tunakaa kimya pamoja," akaongeza. "Jaribuni."

Kesho yake tukashikana mikono, tukanyamaza. Jamani, kumnyamazisha mama wa Bukavu ni kazi kuliko kubeba magunia ya unga. Mama Neema alikohoa, akaguna, akajikaza. Mara Mama Grasi akaanza kulia, na hatukuwa na amina ya kumfunika.

"Mume wangu amepooza," akasema. "Namwogesha kwanza, ndipo nakimbilia basi."

Niliona aibu. Kila siku tulimpeleka kwa Mungu, yeye mwenyewe hatukumwuliza hata neno. Mama Neema akajifuta pua. "Kesho nakupitia. Nitangoja mpaka umalize."

Asubuhi iliyofuata sote tulikuwa ndani ya gari la Mama Neema, tukimngoja Mama Grasi nje ya kwake. Msimamizi alitukuta kwenye mlango wa kiwanda.

"Leo mmechelewa nyote."

"Ndiyo, bosi," nikamjibu. "Sote."

Alitutazama, akafungua mlango. Hakututawanya.

Sasa nimestaafu, magoti yamegoma. Gari la Mama Neema bado linapiga honi chini ya jengo langu, ingawa sina zamu. Nashuka, naingia, tunashikana mikono na kunyamaza. Kisha wananishusha, wanakwenda kazini.