Tikiti Halitaki Mwenziwe

Tikiti lililoiva sawasawa halina haja ya kukatwa. Ukiligusa kwa ncha ya kisu linalia kraa, linajipasua lenyewe mpaka chini, halafu inafuata ile harufu yake ya maji baridi na majani mabichi. Mlio huo ndio ulioniamsha kila alfajiri mwaka ule nilipokuwa darasa la tatu, nyumbani kwetu Ngonga, kabla bibi hajaanza kukohoa chumbani kwake. Mama alikuwa nyuma ya jiko, ameketi juu ya gogo, uso ameuelekeza kwenye migomba, anakula tikiti peke yake. Wenzangu wakikumbuka utoto wao wanakumbuka vitumbua na michezo ya mbalamwezi. Mimi nakumbuka tikiti, na mpaka leo nikilisikia likilia sokoni nageuka kutazama.

Mama alikuwa na tumbo bovu tangu nipate akili. Akila linajaa, linanguruma, kiungulia kinampanda mpaka kooni na machozi yanamtoka. Zahanati walimpa vidonge vya kutafuna, akapata nafuu kidogo, kikarudi pale pale. Shida ni kwamba kwetu tumbo halina ruhusa ya kukataa. Wanawake wa mji wetu, yaani bibi mzaa baba, shangazi Tumpe aliyekuwa ameachika na kurudi nyumbani, mama, na wake za baba zangu wadogo, walikula sinia moja juu ya mkeka, na mgawaji alikuwa bibi. Kwa Wanyakyusa kula pamoja si adabu tu, ni ushahidi kwamba moyo wako ni mweupe. Anayekula pembeni ana jambo analoficha. Na anayekikataa chakula cha mwenzake amemwambia, bila kufungua mdomo, kwamba ndani yake mna kitu. Kwa hiyo mama alikula wali, akala ndizi, akanywa na maziwa ya mgando juu yake, akasema ndaga, ahsante, halafu akaenda kujikunja nyuma ya nyumba.

Aliyemfundisha habari ya tikiti ni Mama Hansa, mke wa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa pale Kyela mjini. Kila baada ya mavuno mama alimpelekea mchele mpya, kwa sababu yule mama alisema mchele wa Kyela hauna mfano, ukiuchemsha jirani anajua. Siku hiyo nilikuwepo. Mama aliutua mzigo mlangoni akashindwa kunyooka. Mama Hansa akamkalisha kwenye kiti, akamwuliza anakula nini na anakula saa ngapi, jambo ambalo hakuna mtu alikuwa amewahi kumwuliza. Akamwambia kwao India kuna elimu ya kale ya mwili inaitwa Ayurveda, na kwamba bibi yake yeye alimlea kwa elimu hiyo. "Tikiti halitaki mwenziwe tumboni," alisema. "Lenyewe linapita upesi. Ukilila juu ya wali linasubiri nyuma ya wali, linachacha. Na maziwa usithubutu kabisa. Kula asubuhi, tumbo tupu, tikiti tu, kisha ngoja jua lipande ndipo ule kingine." Mama alicheka, akadhani ni utani. Njiani kurudi hakucheka tena, alikuwa anawaza.

Maji ya mto yalipopungua alipanda mbegu kwenye mchanga wa ukingoni, na matikiti yakakubali. Sisemi tikiti ni dawa. Labda kilichomsaidia ni kule kungoja tu, tumbo kupata pumziko ambalo halikuwahi kupewa. Ninachojua ni kwamba mama alianza kulala usiku kucha. Mashavu yakajaa, akawa anaimba akipepeta mpunga, na mimi nilikuwa sijui kama mama yangu anajua kuimba. Nilifurahi mno. Kumbe furaha ya mtu huvuta macho ya watu. Shangazi Tumpe alimwona pale kwenye gogo alfajiri moja, mgongo kaugeuzia nyumba, anatafuna, na kabla ya saa nne habari zilikuwa zimezunguka mji mzima: mke wa kaka anakula gizani, peke yake, na ananenepa. Mama alieleza. Alieleza kwa bibi akiwa amepiga magoti, kwamba ni dawa ya tumbo, ndivyo inavyoliwa. Bibi akaitikia kwa "mmh" ndefu. Dawa gani hiyo isiyotaka wenzake?

Jumapili ya shukrani ya mavuno tulirudi kutoka kanisani na wageni, wazee wa ukoo na wake zao. Nyumba ilinukia wali na samaki. Shangazi alikuwa ameingia shambani kwa mama bila kuomba, akavuna matikiti, akayakatakata, akayamimina kwenye bakuli kubwa la maziwa ya mgando, akamwagia juu ya wali wa sinia. Nani duniani anakula hivyo? Hakuna. Ule ulikuwa mtego na kila mwanamke pale mkekani alijua. Sala ikaombwa, tena ndefu. Kisha bibi akamwita kwa jina langu, akasema, "Mama Tusekile, leo tikiti lako utalila na sisi." Mama aliinamisha kichwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nisamehe, naomba wali mtupu. Tikiti na maziwa vikikutana tumboni mwangu vinanitesa." Loo! Bibi aliuondoa mkono wake kwenye sinia kana kwamba ameungua. "Chakula changu kina nini?" akauliza. Mbele ya wageni, mbele ya wazee, mkwe wake alikuwa amemwita mchawi. Ndivyo walivyosikia wote, na nikisema kweli, kwa mila zetu hapakuwa na namna nyingine ya kusikia.

Baba aliitwa kutoka upande wa wanaume. Hakuuliza kitu. Alisema, "Kula, mke wangu, tumalize maneno." Mama alimtazama, na mtazamo ule ninao hadi leo. Kisha akala. Akachota tikiti na maziwa na wali, akameza, akachota tena, wenzake wakimtazama koo, mpaka bibi aliporidhika. Maji ya kunawa yalikuwa bado hayajaletwa aliponyanyuka akakimbilia kwenye migomba, akatapika vyote. Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema chakula cha watu wema kimemkataa. Zamani, wazee wenyewe wanasimulia, mtu akituhumiwa uchawi alinyweshwa mwavi, sumu ya kupimia wachawi, na akiutapika aliachiwa huru, ndiyo dalili kwamba hana hatia. Mama yangu alitapika wali akahukumiwa. Hata mwavi ulikuwa na huruma kuliko shukrani yetu ile ya mavuno.

Kesho yake baba alimwambia, "Nenda kwenu ukapumzike kidogo." Kwao ni Busale. Alibeba mzigo wake kichwani, mimi nikamfuata mpaka barabarani nikilia, shangazi akanishika mkono akanirudisha, kwa sababu ng'ombe wa mahari walikuwa wameshakwenda na mtoto ni wa ukoo. Baba hakwenda kumchukua. Mpunga ukapandwa, ukavunwa, ukapandwa tena, hakwenda. Wanasema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mimi mzaliwa wake nililelewa kwenye sinia lile lile lililomfukuza, na nilikula, maana mtoto ana njaa.

Sasa nina watoto wangu, na simu. Bibi na baba wametangulia. Shangazi Tumpe yupo, amezeeka, tumbo linamsumbua, na yumo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mwezi uliopita alitutumia ujumbe uliopambwa maua: kula tikiti asubuhi tumbo tupu, usichanganye na chakula, usinywe na maziwa, elimu ya kale ya Ayurveda. Ukoo mzima ukaitikia amina, ndaga fijo, ahsante sana shangazi, ubarikiwe. Nilipokwenda Ngonga kwenye msiba nilimkuta barazani na sahani yake peke yake, na wake za watoto wa kaka zake wanawafukuza watoto wasimsumbue, wakiwaambia bibi yenu Tumpe anapata dozi. Nilimsalimia kwa magoti kama inavyopasa. Hasira ilinijaa mpaka nikasahau kulia msibani. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kutoka hapo nilichukua bodaboda mpaka Busale. Mama alikuwa uani, tikiti mapajani, kisu mkononi. Anakula peke yake bado, ila siku hizi si kwa sababu ya dawa, ni kwamba hana wa kula naye. Nikamsomea ule ujumbe, nikamweleza na habari ya barazani. Alisikiliza mpaka mwisho, akatema mbegu kiganjani.

"Tumpe anakula peke yake?"

"Ndiyo, mama."

"Watu wanamwona?"

"Wanamwona."

Alizitupa zile mbegu. "Na bado yuko Ngonga?"

Nikamwambia bado yuko.