Lozi Moja kwa Watu Thelathini na Wanne

Saa mbili asubuhi, Ijumaa ya karamu ya Krismasi, jua la mji wa Randers bado limejifunika shuka. Tove Lindegaard anakoroga uji wa wali kwenye jiko la ofisi lenye sahani mbili, moja mbovu.

Tove, miaka 61, ni karani wa kampuni ya mabomba. Kuandaa sherehe hakumo kwenye mkataba wake. "Kwenye kikao niliinua mkono nifungue dirisha, wakanichagua," anasema.

Mwaka huu amepewa krona 90 kwa kila mtu, na watu ni 34. Mkahawa wa jirani unataka 450 kwa kila mtu. Mwaka jana walikula mikate ya maboksi, na saa nane ofisi ikawa tupu.

"Wakiondoka mapema tena, Tove, mwakani hakuna karamu," bosi wake, Preben, alimwambia.

Dawa akaiona kwenye uji. Mila ya Krismasi ya huko wote wanaijua: ndani yake hufichwa lozi moja nzima. Anayeipata huibana shavuni, kimya, wenzake waendelee kula na kutafuta. Hakuna anayeinuka mpaka ionekane, kwa sababu ina zawadi.

"Wali ni rahisi," anasema Tove, "na mtu anayewinda hashibi."

Kweli, mchana samaki wa siki na nyama ya nguruwe viliyeyuka kama umande. Uji ukaingia. Bakuli la pili, la tatu. Saa nane ikapita, hakuna aliyegusa koti lake. Saa tisa macho yote yakamgeukia Aksel wa ghala, shavu limemtuna.

"Tema, mzee! Tumekuona!"

"Ni jino, jamani! Jumatatu naenda kwa daktari!"

"Jino gani hilo lenye bakuli la nne?"

Preben akaagiza tochi. Tove akacheka mpaka machozi, akapeleka mkono mfukoni mwa aproni kutafuta leso. Vidole vikagusa kitu kigumu.

Lozi. Asubuhi aliitia pale isipotee. Haikupotea.

Akaifumba kiganjani. Akisema ukweli, watu watavaa makoti, na karamu itazikwa siku hiyo hiyo.

Akalichukua bakuli la Preben, akampakulia kwa mkono wenye siri.

"Bosi, ongeza. Umekonda."

"Tove, nitapasuka!"

"Kijiko kimoja tu, baba."

Kraa! Preben akaruka kama mtoto, akasahau hata kuificha. Zawadi, nguruwe mdogo wa peremende, akaizungusha mezani kama kombe. Aksel akaombwa radhi na meza nzima. Saa kumi na mbili jioni walikuwa bado wanaimba.

"Mwakani tena!" Preben alitangaza, nguruwe kwapani.

Mwakani Tove anataka kuongeza bata wa kuchoma, hata mmoja kwa kila meza, kwa krona zile zile tisini. Uji utakuwepo. Na lozi?

"Itategemea watu wana haraka kiasi gani."

Haogopi siri kujulikana?

"Andika yote, mwanangu. Preben hajui Kiswahili."