Neno la Siri la Dada Mwanahawa

Leo nimetajiwa neno la siri waziwazi, nikaliitikia kama salamu. 😂

Iko hivi. Nilikuwa naunganisha mtandao tunamohifadhi programu yetu ya mnada wa samaki na seva inayoijaribu yenyewe kila tukibadilisha kitu. Saa nane mchana viongozi wa soko wanakuja ofisini kwetu Dunda kuiona.

Seva aliiandaa dada Mwanahawa, naye yuko Msata harusini. Nikampigia, ngoma zinalia nyuma yake.

"Shikamoo dada. Naomba neno la siri la seva."

"Marahaba. Bismillah."

Nami, mtoto niliyepelekwa madrasa nikafundishika, nikaitikia, "Bismillah." Nikasubiri neno.

Akakata simu.

Nikadhani seva haina neno, ameniruhusu tu nianze. Pale pa kuandika siri nikapaacha patupu.

Imekataliwa.
Imekataliwa.
Nyekundu tupu mpaka saa saba na nusu! Nilishaanza kutunga uongo wa umeme kukatika.

Nikapiga tena, nusura nilie. "Dada, neno lenyewe lipi?"

"We Shabani, si nimekutajia na ukarudia mwenyewe? Bismillah! Herufi ndogo zote."

Nikaandika. Kijani! Alhamdulillah, nilikaa sakafuni kwanza.

Wageni wamekuja, wameona, wamefurahi.

Na nyie msijisumbue kulijaribu, dada ameshalibadilisha. Nimemuuliza jipya, kanijibu, "Inshallah."

Jamani, ndilo hilo, au nisubiri?