Mgongo wa Genoveva

Rosalia alikuwa na sharti moja: hamchori mtu asiyekubali. Miaka yote aliyochora nje, masokoni na mashambani, alilishika, na majirani zake wa Mwananyamala walimheshimu kwa hilo. Msimu huu wa mavuno alilivunja.

Alikuwa akichora kwenye shamba la mpunga la Bi Editha, bondeni Kibamba. Aliwaomba wavunaji ruhusa mmoja mmoja. Wengine walitania.

"Mie nichore mwembamba, sista. Kwetu hawatakuja kuhakikisha!"

Genoveva peke yake alikataa.

"Mie usinitie humo, dada. Mume wangu ananitafuta. Safari hii akinipata ataniua."

"Nimekuelewa," Rosalia akasema.

Alielewa, na bado akamchora. Wenzake walikata kwa mundu, lakini Genoveva alivuna kama wanavyovuna kwao: suke moja moja, kisu kidogo kimefichwa kiganjani, tena kwa mkono wa kushoto. Bila yeye picha ilipooza. Rosalia akamweka katikati, kwa nyuma, akijiambia kwamba mgongo si uso. Kisingizio hicho hakikumdanganya hata yeye mwenyewe, maana picha ilipokamilika hakumwonyesha Genoveva.

Jumamosi akaitundika kando ya barabara, Ubungo, pamoja na picha zake nyingine. Mwanamume mmoja alisimama mbele ya picha hiyo muda mrefu.

"Huyu mwenye shoto," akasema, "ndivyo anavyovuna kweli?"

"Ndivyo. Mie nachora ninachokiona."

"Shamba la wapi?"

"Kibamba, kwa Bi Editha," Rosalia akajibu, moyo umejaa fahari.

Yule mtu hakuuliza bei. Alivuka barabara haraka na kupanda bodaboda. Hapo ndipo Rosalia alipotambua kuwa ni mume wa Genoveva. Aliziacha picha zote palepale, naye akapanda bodaboda. Yeye alijua njia ya mkato. Yule ingembidi aulizie.

Alifika shambani akihema.

"Genoveva, ondoka! Anakuja!"

"Nani kamwambia nipo huku?"

"Mie."

Genoveva alifunga khanga yake vizuri, akachukua kisu chake. Mpunga ulikuwa bado haujapigwa, na fungu la mvunaji hupimwa baada ya kupigwa. Bi Editha akamfuata hadi ukingoni mwa shamba.

"Mwanangu, fungu lako nikuletee wapi?"

Genoveva alimtazama Rosalia. Akaingia kwenye matete ya bondeni.

Mume alipofika, alikuta wanawake wamesimama, miundu mikononi. Aliwatazama, wakamtazama. Akageuza.

Genoveva alipona. Lakini alipoteza kazi na mavuno yake yote ya msimu. Mpunga wake uko kwa Bi Editha hadi leo, kwa kuwa hakumwamini tena mtu yeyote kumwambia anakokwenda.