Dakika Kumi Juu ya Kilima cha Lugala

Recheli Amon alikuwa na mdomo, na mdomo huo ndio uliompa kazi. Tusidanganyane: pale Tabora kuna vijana tele wanaoweza kuziendesha zile pikipiki za magurudumu manne, na wengine wangeziendesha vizuri kuliko yeye. Lakini Nestory, mwenye kampuni, alishaona jinsi wageni wanavyorudi wamenuna wakiongozwa na kijana asiyejua neno zaidi ya "twende" na "simama." Recheli alikuwa binti wa wakulima wa tumbaku wa Usoke, aliyejifunza pikipiki kwa kumpeleka mama yake kanisani Jumapili, na huyo ungemsimamisha juu ya kichuguu akakueleza misafara ya zamani mpaka bega likakuuma kwa mzigo usioubeba. Tena alikuchekesha. Mgeni akishacheka, Nestory alikuwa akisema, hata makalio yakimuuma halalamiki.

Safari yenyewe ilikuwa ya saa tatu. Waliondoka kwenye yadi ya Nestory nje kidogo ya mji, wakafuata kipande cha njia ya zamani iliyokuwa ikiwapeleka wapagazi pwani, wakapita kwenye msitu wa miyombo, kisha wakapanda kilima cha Lugala. Si mlima wa kutisha, ila ukifika juu unaona mabati ya mji wote, reli inayokwenda upande wa Tura, na maji ya bwawa yakimetameta kwa mbali. Mwongozaji hutangulia, wageni hufuata. Na kulikuwa na sharti moja ambalo Nestory hakuwa na mzaha nalo: mgeni akisimama njiani akavua kofia, mwongozaji anazima injini na kumrudia kwa miguu, hata kama ni mara ya kumi.

Jumamosi ile ya mwezi wa nane mgeni alikuwa mmoja tu. Aliitwa Mzee Pazi, Mzaramo wa Kisarawe, mstaafu wa bandarini, aliyekuja na treni kumwona binti yake Mwantumu, mwalimu wa sekondari anayeishi Gongoni. Mzee alikuwa amesikia tangu utotoni habari za Wanyamwezi waliokuwa wakishuka kwao na mizigo, akataka kuiona hiyo njia upande wa huku kabla hajarudi. Mwantumu alimtafutia nafasi, akamleta mwenyewe asubuhi, akakaa kwenye benchi la yadi kumsubiri akisahihisha madaftari ya wanafunzi.

Recheli aliposikia neno Mzaramo, uso ulimchangamka. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi hizo za misafara, na watani hawakosani. Wanatukanana wakikutana, wanatukanana harusini, na msibani ndiyo kabisa, maana mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumsema marehemu mbele ya jeneza mpaka waliofiwa wacheke. Basi Recheli akasogea, akamwamkia shikamoo kwa adabu zote.

"Shikamoo ya mpagazi siipokei," alisema Mzee Pazi. "Tua mzigo kwanza."

Recheli akamjibu kwamba mzigo wenyewe leo ni yeye, tena mzigo mbovu, na pwani walikuwa wanautupa jalalani wakakosea njia. Mzee alicheka mpaka akajifuta machozi. Ndivyo walivyoanza. Wakati mzee anafungiwa kofia, Mwantumu akamvuta Recheli pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba baba yake ana presha, na kwenye fomu amekataa kuandika kwa sababu ni mbishi.

"Mama alishatangulia, sina ndugu mwingine," alisema. "Dada Recheli, nirudishie baba yangu."

Recheli akamwambia asiwe na wasiwasi, na hakuwa anadanganya, maana alikuwa amekwishampenda yule mzee.

Hawakuwa wamekwenda mbali, Mzee Pazi akasimama, akavua kofia, akashuka na kulala chali katikati ya njia, mikono kifuani. Recheli akazima injini, akarudi mbio. Akamkuta jicho moja liko wazi. Mzee akasema amekufa kwa njaa, kwani mtani wake amempa michembe, viazi vikavu vya kwao, badala ya wali, na anaomba azikwe palepale, lakini achimbe mtu mwingine, Wanyamwezi kazi yao ni kubeba tu. Recheli alicheka akaketi mavumbini. Kisha mzee akatoa simu, akampigia binti yake, akamsimulia huku anakohoa kwa kicheko.

Kwenye korongo kavu akafanya tena. Kofia chini, kichwa kwenye usukani, anaita kwamba roho inachungulia mlangoni. Recheli akarudi tena kwa miguu, mchanga ukamjaa viatuni, akamkuta mzima wa afya anamcheka. Safari hii na yeye alicheka, lakini jasho lilikuwa linamtoka na viatu vilimkera. Akamwambia mzee akifa mara ya tatu atamwacha kweli.

Mara ya tatu ilikuwa karibu na kilele. Recheli alikuwa ameshafika juu, mzee yuko nyuma hatua kama mia, kwenye mteremko wa mawe. Kwenye kioo alimwona anasimama. Alimwona anavua kofia. Akazima injini. Sauti ikapanda hadi alipo, si kubwa sana.

"Mtani, leo nakufa kweli."

"Kufa upesi basi," alimjibu Recheli bila kugeuka, "nina njaa, nataka niwahi wali wa matanga yako."

Akasikia kicheko. Angalau yeye alikisikia kuwa ni kicheko. Akashuka, akakaa juu ya jiwe, akatoa simu na kuanza kupiga picha za bwawa, kwa sababu Nestory alikuwa akitaka picha za kuwavutia wateja. Akamrushia mzee maneno mengine mawili matatu kwa nyuma. Kimya. Akasema moyoni, huyu mzee ana pumzi ya kuigiza, hebu nimwache achoke mwenyewe. Akapiga picha nyingine. Upepo ulikuwa mzuri pale juu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuna aliyekuwa akimtania, akajipumzisha kidogo.

Aliposhuka alimkuta amelalia usukani, midomo imebadilika rangi, shati limelowa kama amemwagiwa maji. Macho yalikuwa wazi na yalimjua. Hakuwa na maneno tena. Recheli alimkokota, akampandisha mbele yake kwenye kiti cha pikipiki, akamzungushia kitenge kiunoni akajifunga naye, akateremka kilima kile kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kifua cha mzee, huku anamwomba Mungu kwa Kinyamwezi, lugha ambayo alikuwa hajaitumia kuomba tangu bibi yake alipofariki. Barabarani akasimamisha lori lililobeba mbao. Hospitalini walimpokea mbio. Kabla ya adhuhuri Mzee Pazi alikata roho.

Daktari aliuliza swali moja tu, na alikuwa ameshika kalamu: dalili zilianza lini? Recheli akasema hazikuanza, alianguka ghafla, na palepale akambeba. Neno likatoka laini, hata yeye alishangaa. Daktari akaandika. Akasema kwa ugonjwa wa namna ile hata dakika chache huwa na maana, basi kama ni hivyo alijitahidi. Recheli akatoka kwenye korido, akafungua simu. Picha ya kwanza ya bwawa ilipigwa saa nne na dakika arobaini na moja. Ya mwisho, saa nne na hamsini na moja. Akazifuta zote, moja moja.

Wee, kufuta picha ni rahisi. Saa ilibaki kichwani.

Mwantumu alipofika alimkumbatia Recheli kabla hajamwona maiti. Alikuwa amesikia kutoka kwa wauguzi jinsi mwanamke mmoja alivyomteremsha mzee mlimani peke yake, amejifunga naye kwa kitenge. Alimshukuru mpaka Recheli akatamani ardhi ipasuke. Nestory naye alipopiga simu na kuyasikia maelezo, alisema vizuri, hayohayo, usiongeze neno wala usipunguze. Hakumuuliza kama ni kweli, na kwa mtu anayemjua Nestory, hiyo ilitosha kuonyesha kwamba alikuwa anajua kuna kitu.

Kisarawe ni mbali, wakaamua mzee azikwe Tabora kesho yake. Asubuhi mapema Mwantumu akampigia Recheli. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. Akasema Wanyamwezi wamejaa mjini, lakini baba yake alimpigia simu jana wakiwa njiani kumwambia kwamba amepata mtani wa kweli, mwanamke mwenye ulimi mbaya kuliko wake. "Sitaki mwingine," alisema. "Njoo umfanyie kazi yake."

Recheli alimpigia mama yake, Martha, kule Usoke, akitafuta mtu wa kumwambia asiende. Hakumweleza yote. Mama akamshangaa. Akamwambia mtani aliyeitwa halafu akakaa nyumbani amewatukana wafiwa kweli, kwa hiyo ajifunge kitenge, abebe mchi, akazibe mlango jeneza lisitoke mpaka aseme. Basi Recheli akaenda, mchi mkononi, na njiani kote akawa anajiambia: leo nitasema. Mbele ya watu, nitamwambia mtoto wa watu ukweli, wanifanye watakavyo.

Watu walikuwa wengi uani, wanaume wamesimama, wanawake wamekaa kwenye mikeka. Jeneza lilipofika mlangoni Recheli akalaza mchi kizingitini, akasimama nyuma yake. Alianza kama inavyotakiwa. Akasema huyu hatoki, ana deni la wali. Akasema bandari nzima imepumua, maana alikuwa analala kazini. Watu wakaguna, wengine wakaanza kutabasamu. Kisha akamwona Mwantumu ameegemea ukuta, macho yamevimba, anamtazama yeye tu, na maneno aliyoyapanga yakamtoka yote kichwani, ukabaki ukweli mtupu.

"Huyu nimemuua mimi," alisema. "Aliniambia mtani, nakufa. Nikamwambia kufa upesi. Nikakaa juu ya jiwe napiga picha, dakika kumi nzima, yeye anakata roho chini yangu."

Uwanja ukaangua kicheko. Akina mama waligonga mapaja. Mzee mmoja aliyekuwa amebeba jeneza ilibidi alishushe kidogo ili asiliangushe. Recheli akapaza sauti, akasema ni kweli, naapa ni kweli, na kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka, maana hawakuwahi kumwona mtani anayejua kuapa vile bila kupepesa macho. Na Mwantumu, aliyekuwa hajafungua kinywa ila kwa kulia tangu jana, alicheka. Alicheka mpaka akainama. Mtu akauondoa mchi mlangoni, jeneza likapita, wanaume wakaelekea makaburini.

Recheli alibaki amesimama pale mikono mitupu. Angeweza kuishia hapo. Alikuwa amesema, mbele ya watu wote, na kama hawakuelewa ni shauri yao. Aliijaribu fikra hiyo, akaona inamkaa vizuri kama uongo wa jana ulivyomkaa. Hapo ndipo alipojiogopa.

Akamkuta Mwantumu jikoni, anapakua wali kwenye sahani ya mtani, tena anapakua mwingi. Mwantumu akamwambia ahsante, akasema baba yake alikuwa anastahili kicheko kile, na kwamba zile dakika kumi ndizo zilizomvunja mbavu yeye mwenyewe.

"Mwantumu," alisema Recheli, "haukuwa utani."

Mwantumu alitabasamu, akaendelea kupakua. Kisha akauinua uso. Alimtazama Recheli, na tabasamu likaondoka taratibu, akaiweka sahani juu ya meza.

"Dakika ngapi?"

"Kumi. Nilikuwa na picha zenye saa. Nilizifuta."

"Na alisema nini?"

Recheli akamweleza neno kwa neno, la mzee na la kwake mwenyewe, na lile alilomwambia daktari. Hakusema alidhani ni mzaha, ingawa lilikuwa kweli, kwa sababu aliona likitoka tu litageuka kuwa utetezi. Alilia, lakini alijizuia asiombe msamaha haraka. Mwantumu alisikiliza akiwa ameshika mwiko. Hakupiga kelele. Alipozungumza alikuwa akiitazama ile sahani.

"Ungeniambia jana ningekupiga," alisema. "Pengine ningekupiga, halafu tungelia wote. Lakini umeniacha nikakushukuru. Leo umesimama mlangoni, baba yangu yuko ndani ya sanduku, ukanisimulia alivyokufa, nami nikacheka. Nimemcheka, Recheli. Mimi."



Nje, wanawake walikuwa wamechangamka. Mmoja akaita kwa sauti, mtani yuko wapi, aje atumalizie, wanaume bado hawajarudi. Wengine wakadakia, wakipiga makofi. Recheli akamtazama Mwantumu, akisubiri aambiwe la kufanya. Mwantumu akafungua mlango wa nyuma, ule unaotokea kwenye kichochoro, akasimama pembeni ya mlango mpaka Recheli alipopita, kisha akaufunga kwa komeo.