Dobi wa Mpanda anayejifunza kuitunza mikono yake

Saa mbili asubuhi, uani kwa gesti moja mjini Mpanda, Dorotea anavaa glavu za mpira kabla ya kugusa maji. Mashuka ya jana yamejaa beseni. Anafikicha, anasuuza, anakamua. Jua limeshaanza kuchoma, lakini shati lake ni la mikono mirefu.

"Watu wanadhani nasikia baridi," anasema. "Nawaacha wadhani."

Dorotea ana miaka 33. Ameomba tutumie jina lake la ubatizo tu. Chini ya shati hilo kuna makovu aliyojitia mwenyewe, katika kipindi ambacho, anasema, hakuna aliyemwita kwa jina isipokuwa mteja aliyefuata nguo zake.

Alitoka Mpimbwe, kwenye mashamba ya mpunga, kuja kumuuguza mama yake aliyekuwa akitibiwa mjini. Mama alipofariki, ndugu walizika, wakarudi mashambani. Yeye akabaki kwenye chumba walichokuwa wamepanga wawili, akifulia watu nguo kwa ujira.

"Nilikuwa nasonga ugali wa watu wawili. Nikishapakua ndiyo nakumbuka."

Kanisani alikaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya matangazo, ili asisalimiwe. Hatimaye akaanza kujiumiza.

"Sikutaka kufa. Nilitaka kile cha ndani kinyamaze. Kinanyamaza kidogo, halafu kinarudi na aibu juu yake."

Siku moja alikunja mikono ya shati, akijua yuko peke yake uani. Emelyne, mhudumu wa mapokezi, akatoka na foronya iliyomwagikiwa chai. Aliona. Akachuchumaa kando ya beseni, akaanza kusuuza naye.

"Nilisuuza foronya yangu kwanza," anasema Emelyne, aliyekulia Mishamo, makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, katika familia inayozungumza Kirundi. "Nikamwambia, dada, sikuulizi kitu. Ila kesho nina nafasi, twende wote hospitali."

Kesho yake Dorotea alifika getini, akageuka. Emelyne hakumlaumu, akarudi naye. Wiki iliyofuata wakaingia.

Muuguzi wa afya ya akili, Gaspar, alimuuliza moja kwa moja kama huwa anafikiria kufa.

"Nilidhani atanihubiria," anasema Dorotea. "Aliuliza tu, akasubiri. Nililia mpaka nikasahau kuna foleni nje."

Wakapanga pamoja afanye nini hali ikimzidi: atoke chumbani, ampigie Emelyne, aje hospitali bila kungoja siku yake ya miadi. Kisha Gaspar akaomba kuitazama mikono.

"Vidonda vilikuwa vimefunga, ila sabuni ya unga ilikuwa inakausha ngozi. Anawashwa, anajikuna," anasema muuguzi huyo. "Nikamwambia avae glavu kazini, nyumbani aoshe kwa sabuni ya kawaida, apake mafuta ya mgando, na aikinge na jua. Kovu hulainika. Halifutiki lote, na hilo pia nilimwambia."

Mwanzoni alipopaka mafuta alikuwa anageuza uso. Sasa anatazama.

"Tangu mama aondoke hakuna aliyeishika mikono hii kwa upole," anasema. "Basi nimeanza mimi."

Upweke haujaondoka. Emelyne ana watoto, jioni anarudi kwake. Jumapili alasiri ni ndefu, na gesti haina nguo za kufua. Mwezi uliopita hamu ya kujiumiza ilimrudia asubuhi moja. Akapiga simu, haikupokelewa. Akafunga mlango, akatembea mpaka hospitali, akakaa kwenye benchi hadi Gaspar alipofika kazini.

"Hakuniuliza kwa nini nimekuja siku isiyo yangu. Alisema, umefanya vizuri, ingia."

Makovu yake yamekuwa meupe, lakini nyumbani Mpimbwe hakuna anayeyajua. Kaka yake mkubwa, Optatus, humpigia simu na kumuuliza kama anakula. Dorotea humjibu kwamba anakula, kisha mazungumzo yanahamia kwenye mvua.

Mpunga ukivunwa anataka kwenda kumsaidia, na akiwa huko amweleze yote. Gaspar amemwambia asikimbilie. Emelyne amesema atamsindikiza hadi stendi.

Anaogopa kaka atasema ameitia familia aibu. Anaogopa zaidi kwamba atanyamaza.

Ataanzaje? Dorotea anakung'uta shuka, analitandaza kwenye kamba, anafikiri.

"Nitamwamkia kwanza. Shikamoo, kaka. Akiitikia, nitaendelea."